SOMO: KUPIMA MWANGA WA UKALIMANI KABLA YA MKUTANO



Tunapokutana Bujumbura na wenzetu wa nchi jirani, lugha ni nyingi: Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Ndiyo maana tunakodi mitambo ya ukalimani. Jambo hili si geni kwa wafanyakazi. Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulitumia mtambo wa ukalimani wa papo kwa papo huko Geneva mwaka 1927. Mjumbe asiyesikia hawezi kukubali wala kupinga. Akinyosha mkono kupiga kura, amefuata tu mkono wa jirani yake.

1. Mtambo unavyofanya kazi

Mkalimani husema akiwa ndani ya kibanda. Sauti yake hupita kwenye waya hadi kwenye taa zilizofungwa juu ukutani. Taa hizo hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, kama ule wa rimoti ya televisheni. Mjumbe huupata kwa kipokezi alichovaa kifuani.

Mwanga huu hauvuki ukuta, kwa hiyo aliye nje hasikii siri za kikao. Lakini nguzo, pazia na mtu aliyesimama huuzuia pia. Ukuta mweupe huurudisha. Pazia jeusi huumeza. Umbali kutoka kwenye taa ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo.

2. Kazi ya kompyuta

Fundi huandika katika programu urefu, upana na kimo cha ukumbi, mahali pa nguzo na viti, na jinsi kila taa ilivyoinamishwa. Programu huchora ramani ya ukumbi, na rangi huonyesha mwanga unapotosha na usipofika. Ni rahisi kuhamisha taa kwenye ramani kuliko kuhamisha wajumbe wakati kikao kinaendelea.

3. Mfano wa Kiriri

Kiriri ni mtaa wa mlimani, na Ziwa Tanganyika liko upande wake wa magharibi. Tuchukue ukumbi wa mita 20 kwa 15, wenye madirisha makubwa yanayotazama ziwa. Asubuhi kila kiti kinasikia. Alasiri jua linaingia kwa madirisha, na jua lina infraredi nyingi kuliko taa zetu. Waliokaa karibu na madirisha wanasikia mikwaruzo tu. Dawa ni mapazia mazito, au taa zaidi upande huo, au viti visogezwe.

Basi kabla ya kukubali ramani ya fundi, tumwulize mambo matatu:

(a) Umehesabu lugha ngapi? Nguvu ya taa hugawanywa kwa lugha zote. Lugha ikiongezwa, eneo la kila taa hupungua. Kiswahili kikiongezwa dakika ya mwisho, ramani ya zamani haifai tena, na wa kwanza kukosa sauti ni wa viti vya nyuma.

(b) Umehesabu jua la saa ngapi?

(c) Taa mbili zikimulika kiti kimoja, je, waya zake zina urefu sawa, au umerekebisha tofauti hiyo kwenye taa? Mwanga wa taa moja ukichelewa, sauti huweza kupotea katikati ya taa hizo mbili.

4. Ramani haitoshi

Mkalimani aseme kibandani, nasi tupite kiti kwa kiti tukiwa na kipokezi. Tufanye hivyo kwa lugha zote, na saa ile ile ya jua kali. Kiti chenye mikwaruzo kitiwe alama na kisikaliwe mpaka fundi atengeneze.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kwa nini kipokezi kisifunikwe kwa koti?
2. Katika ukumbi wenu, jua huingia upande gani, na saa ngapi?
3. Wajumbe wa mashambani huketishwa wapi, na je, sauti inafika huko?