Chombo cha Njia Ndani ya Motokaa au Simu ya Mkononi: Kipi Kitatufaa?

SOMO LA JIOGRAFIA

Siku hizi motokaa zimekuwa nyingi katika machimbo yetu ya Rwamgasa, na kila apataye motokaa huuliza swali moja. Je, anunue chombo maalum cha kuonyesha njia, kama vile Garmin au TomTom, akibandike mbele ya kioo? Au simu aliyo nayo mfukoni yatosha?

Swali hili si dogo. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, jamaa zake huweza kupiga namba 115 bila malipo, kwa mpango uitwao m-mama, ambao ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenezwa katika nchi nzima. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Dereva huyo akipotea njia kwa nusu saa, huenda nusu saa hiyo ikawa ndiyo uhai wa mama na mtoto. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa makini.

1. Namna chombo kinavyojua mahali kilipo

Chombo cha motokaa na simu vyote viwili husikiliza setilaiti zilizo juu angani. Setilaiti za Marekani ziitwazo GPS zilianza kurushwa mwaka 1978, na mpango wote ulikamilika mwaka 1995. Huzunguka dunia kwa urefu wa kilometa 20,200 hivi. Kila setilaiti ina saa sahihi mno, na hutangaza wakati wake daima. Tangazo hilo husafiri kwa mwendo wa mwanga, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hutufikia kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Chombo hupima limechelewa kiasi gani, kikajua umbali wa setilaiti ile. Kikisikia setilaiti nne, chaweza kujua mahali kilipo na kusahihisha saa yake chenyewe. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300!

Zamani Wamarekani walipunguza usahihi wa matangazo hayo kwa watu wasio wanajeshi. Kizuizi hicho kiliondolewa mwezi wa Mei, mwaka 2000. Leo Warusi, Wazungu wa Ulaya na Wachina nao wana setilaiti zao, na simu nyingi husikia za wote. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Setilaiti hazitaki bando wala salio. Simu isiyo na mtandao, hata isiyo na laini ndani yake, huzisikia vile vile. Mtandao husaidia tu simu kuzipata upesi zaidi. Bila mtandao huenda ikangoja nusu dakika au zaidi. Basi asikudanganye mtu kwamba chombo cha motokaa kina setilaiti zake chenyewe. Mbingu ni ile ile moja.

2. Sifa na kasoro za chombo cha motokaa

Chombo maalum kina sifa zake. Hupata umeme kutoka katika motokaa, kwa hiyo hakizimiki njiani. Ramani yake imo ndani, kwa hiyo hakihitaji mtandao. Kioo chake chaonekana vizuri hata juani. Tena hakipigiwi simu: dereva hakatizwi katika njia panda.

Lakini bei yake ni juu ya ile ya simu uliyokwisha kununua. Kasoro kubwa zaidi ni ramani. Mara nyingi ramani ya nchi zetu hununuliwa mbali. Wengi wasafirio Afrika hutumia ile ya Tracks4Africa. Na ramani ikiisha kuwekwa humo, hubaki kama ilivyo mpaka mwenyewe aihuishe, nayo ni kazi ambayo wengi huiahirisha kwa miaka.

3. Sifa na kasoro za simu

Simu unayo tayari, na ramani yake hupatikana bure. Ukiwa na mtandao, huweza kukuonyesha hata msongamano wa magari mijini. Programu kama Google Maps hukuwezesha kupakua ramani ya sehemu unayokwenda. Organic Maps na OsmAnd huweka nchi nzima ndani ya simu, ukaenda bila mtandao kabisa.

Lakini simu hula chaji upesi inapoonyesha njia, hupata moto ikiachwa juani, na hulia wakati wowote. Kosa la wengi ni kutopakua ramani mapema. Huanza safari mjini penye mtandao mzuri, wakifika porini ramani inageuka karatasi nyeupe yenye kinukta kimoja cha buluu. Kinukta hicho ni sahihi. Kilichokosekana ni ramani.

4. Ramani ndiyo mzizi wa jambo lote

Basi mwaona, wasomaji, kwamba ubora haumo katika kusikia setilaiti, bali katika ramani. Tutoe mifano miwili ya karibu.

Mfano wa kwanza ni safari ya Mwanza. Kwa miaka mingi msafiri wa Geita alivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Mwezi wa Juni, mwaka 2025, lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Chombo chenye ramani ya mwaka 2019 hakilijui daraja hilo. Kitamwambia dereva angoje kivuko, naye aliona daraja mbele ya macho yake!

Mfano wa pili ni jina letu wenyewe. Wengine huandika Rwamgasa, wengine Lwamgasa. Kwa mtu ni jina moja, lakini kwa mashine huenda yakawa mawili. Ukitafuta kwa R ukakosa, jaribu kwa L. Tena machimbo hayakai mahali pamoja. Dhahabu ikionekana porini, watu humiminika. Katika mwezi mmoja huzuka maduara, makarasha, vibanda na njia za pikipiki. Ramani iliyochorwa mbali itazijuaje?

Kuna ramani moja ambayo huchorwa na watu wenyewe, iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote aweza kuongeza barabara, zahanati au jina la kitongoji. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umeitumia kuchora vijiji vya Tanzania. Watu wa kujitolea walio nchi za mbali huchora nyumba na njia kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, kisha wenyeji huongeza majina. Katika mkoa wa Mara kazi hiyo imewasaidia wale wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji, kwa maana vijiji vingi havikuwa katika ramani, na anayekwenda kumwokoa msichana usiku hawezi kufika mahali pasipo na jina. Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani hiyo hiyo.

5. Onyo kwa wachimbaji

Chombo cha motokaa na simu ni vya kuonyesha njia. Si vya kupima mpaka wa leseni. Ramani za serikali za zamani, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. GPS hutumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa msingi usio wake, hapa kwetu huangukia mahali palipo mbali kwa mita 300 hivi. Sasa fanyeni hesabu: kiwanja cha mraba chenye hekta 10 kina upande wa mita 316. Kosa hilo moja laweza kumtoa mtu karibu kabisa katika kiwanja chake na kumwingiza katika cha jirani. Ugomvi wa namna hiyo hauamuliwi kwa simu. Mwiteni mpimaji.

6. Shauri letu

Kwa watu wengi wa hapa, simu yatosha, ila kwa masharti manne. La kwanza, pakua ramani yote ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha zima data ujaribu kama yafanya kazi. La pili, nunua kishikio na waya wa chaji wa motokaa. Dereva asishike simu mkononi. La tatu, weka alama mwenyewe katika hospitali, zahanati, kituo cha polisi na kisima cha mafuta. La nne, huisha ramani kila muhula.

Dereva ambaye simu yake hulia usiku na mchana, kama yule wa m-mama, anahitaji chombo cha pili. Huyo anunue chombo cha motokaa kama fedha ipo. Kama haipo, simu ya zamani iliyolala kabatini, ikiwa bado nzima na yaweza kubeba programu hizo, ifanywe chombo cha njia. Haihitaji laini, itiwe ramani tu na kufungwa katika motokaa.

Na ninyi wanafunzi mna kazi. Mwajua njia za kwenda mtoni, kisimani na zahanati kuliko mtu yeyote aliye ng'ambo. Njia mtakayoiandika leo ndiyo atakayoifuata dereva wa kesho. Na pale ramani inaponyamaza, simamisheni gari mkamwulize mwenyeji. Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini simu isiyo na laini yaweza kujua mahali ilipo?
2. Nyuzi moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi. Sehemu moja ya elfu ya uzi ni mita ngapi?
3. Chora ramani ya njia kutoka nyumbani kwenu mpaka zahanati iliyo karibu. Andika majina ya mahali kama wazee wanavyopaita.
4. Waulize wazazi wako: ni mahali gani hapa kwetu pamebadilika jina au njia katika miaka 10 iliyopita?