NESI WETU AKITAKA KURUDI SHULE

Somo la safari hii ni la vikundi vyote vilivyo karibu na zahanati, na hasa vile vyenye watu wao kwenye kamati ya zahanati. Ni juu ya jambo ambalo likitokea huleta kelele: nesi wenu mliyemzoea anasema anataka kwenda kusoma zaidi.

Zahanati nyingi za vijijini zina nesi mmoja au wawili tu. Yeye ndiye anayepima, anayechanja watoto, anayetoa dawa, na usiku mama akishikwa na uchungu ni yeye anayegongewa mlango. Akisema anaondoka, watu huingiwa na wasiwasi. Wengine hunung'unika, "Huyu sista ametuchoka." Twaona wasiwasi ni wa haki, lakini manung'uniko hayo si ya haki.

Hebu kwanza tuelewe anakwenda kusomea nini.

Zamani manesi wetu wengi walikuwa na cheti tu. Juu yao kuna wenye stashahada, yaani manesi waliosajiliwa. Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na shirika la Amref walianza mpango wa kuwapandisha manesi wa cheti, ambao walikuwa zaidi ya 20,000, wasome kwa kompyuta huku wakiendelea na kazi. Madarasa ya kawaida yasingeweza kuwabeba wote. Mpango huo ulionyesha kwamba nesi anaweza kusoma bila zahanati kufungwa mlango. Likumbukeni hilo.

Akisha kusajiliwa na kufanya kazi kwa muda, nesi anaweza kuchukua stashahada ya juu, ambayo kwa kawaida huchukua kama mwaka mmoja. Huko huchagua tawi lake: wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, figo, macho, watoto, au magonjwa ya akili. Njia nyingine ni chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya kwanza ya uuguzi mwaka 1992, na siku hizi hata hapa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kinafundisha shahada hiyo. Baada yake kuna shahada ya pili.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Kule Marekani, mwaka 1965, nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza katika jimbo la Colorado kuwafunza manesi wazoefu kupima wagonjwa, kutambua ugonjwa na kutibu, kwa sababu watoto wengi wa mashambani na wa familia maskini hawakuwa na daktari karibu. Leo nesi wa namna hiyo huko husoma mpaka shahada ya pili au zaidi, na huandika dawa mwenyewe. Botswana nayo imekuwa na mafunzo yake ya manesi wa namna hiyo tangu miaka ya 1980.

Kwetu Kenya, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na tabibu, yule tunayemwita klinikal ofisa, na mara nyingi sisi wananchi twamwita "daktari" tu. Lakini penye nesi peke yake, kazi hiyo humwangukia yeye, awe amesomea au hakusomea. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Sasa njooni Mombasa mjini. Ukitoka Mji wa Kale, si mbali kufika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee wengi bado wanaiita Makadara. Jirani yake ni chuo cha KMTC. Katika hospitali hiyo kuna mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa ambao figo zao zimekufa. Mgonjwa hulala pale kama saa nne, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, wiki zote. Wa Kwale huvuka feri ya Likoni kwenda na kurudi. Daktari hupita akatazama akaenda wadi nyingine. Anayebaki ni nesi. Ndiye anayeunga mipira ya damu, ndiye anayeangalia presha isishuke ghafla, ndiye anayeona uso wa mgonjwa ukibadilika. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Ni lazima mtu awe ameisomea.

Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza kukodi mitambo mikubwa kwa ajili ya hospitali mbili za kila kaunti. Katika kaunti kadhaa baadhi ya mitambo ilikaa imefunikwa, mahali pengine kwa kukosa umeme au maji, pengine kwa kukosa watu waliosomea kuitumia. Mashine hukodiwa kwa sahihi ya siku moja, lakini nesi wa kuitumia hapatikani siku moja.

Na tusidhani haya ni ya mjini tu. Wagonjwa wengi wa figo walianza na presha au kisukari ambacho hakikujulikana mapema. Nesi wa kijijini aliyeongeza elimu, akikipata kisukari mapema na kukifuatilia, humwokoa mtu asije akavuka feri mara mbili kwa wiki. Mama wa pale Kibokoni na mama wa kule Kinango wana haja moja.

Basi sista akileta habari, kikundi kifanye nini? Jambo la kwanza, ulizeni atakaa nani mahali pake. Tangu mwaka 2013 afya iko chini ya kaunti, kwa hiyo mwajiri wake ni kaunti, si kamati wala kikundi. Andikeni barua mapema, nesi wa kushikilia awe amefika kabla huyu hajaondoka. Msikubali mtu asiye na leseni ya Baraza la Wauguzi, hata kama ni mtoto wa jirani na ana mkono mwepesi wa sindano.

Mara nyingi anayepewa ruhusa ya masomo hutia sahihi kwamba atarudi kuitumikia serikali kwa muda fulani. Lakini anaweza kupelekwa kituo kingine. Kikundi kikimchangia harambee kisidai kwamba ni lazima arudi kwenu, kwa sababu ahadi hiyo si yake kuitoa. Pesa zenyewe zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na mweka hazina abaki na risiti. Na kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, aulize kwenye Baraza kama chuo hicho kimeidhinishwa kwa kozi hiyo. Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima si ushahidi.

Kabla ya mkutano wenu ujao, mtu mmoja aende zahanati, amwombe sista nafasi, amwulize kwa adabu: wako manesi wangapi, nani kati yao yuko masomoni au angependa kwenda, na ni ugonjwa gani unaokuja pale kila wiki ambao hakuna aliyeusomea. Majibu yaandikwe kwenye daftari la kikundi, yasomwe mkutanoni, ndipo mzungumze.