Maji na Meno ya Watoto Wetu

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twaona watoto wengi wenye meno ya kahawia, na wengine miguu imepinda. Si uchafu, wala si laana. Basi mtu asiwacheke. Sababu ni floraidi, madini yatokayo katika mawe ya volkano na kuingia majini. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Magadi ya kupikia maharage nayo huiongeza. Meno huharibika yangali ufizini, mtoto asijatimiza miaka 8; yakiisha kuharibika hayarudi kuwa meupe. Kwa hiyo yatupasa kukinga maji ya mvua katika vyombo safi, kuwanywesha wadogo kwanza, wala tusiwapikie kwa magadi.