Anwani ya Ng'ambo

Swali: Nauza sambusa na mahamri ninayopika nyumbani hapa Maple Grove, Minnesota. Biashara naiita Ng'ambo. Nisajili tovuti kwa .com, .us au .co.ke?

Jibu: Hongera, dada. Kwanza ile alama ya ng' haikubaliki: jina la kikoa la kawaida hupokea herufi, tarakimu na kistari tu. Utabaki na “ngambo”, na jirani Mmarekani akilisikia kwa simu hatajua kuliandika. Liongezee “sambusa”. Wasomali wa Minneapolis wameshawazoesha watu neno hilo huko kwenu, nawe utavuna.

.co.ke, iliyo chini ya KeNIC, msimamizi wa vikoa vya Kenya, ingekufaa kama wateja wangekuwa Kenya. .us ni ya waliopo Marekani, lakini sheria zake haziruhusu huduma ya kuficha jina na anwani ya mwenye kikoa. Nawe anwani ya jiko lako ndiyo ya nyumba wanamolala watoto! Chukua .com, uombe taarifa zako zifichwe.

Na tafadhali, kikoa kisajili mwenyewe, kwa baruapepe yako. Kijana anayekutengenezea tovuti asikiandikishe kwa jina lake, hata akiwa mpwa wako. Siku mkikosana, mwenye kikoa ni yeye.