Mashine ya Chombo Ikigoma: Mwongozo kwa Wenye Vyombo vya Mbao wa Likasi na Ziwa Tshangalele

Dibaji

Ziwa Tshangalele, ambalo watu wa Likasi hulifikia kwa njia ya Kapolowe, halikuwapo kabla ya kujengwa ukuta wa Mwadingusha katika mto Lufira, uliokamilika mwaka 1930 ili kuvipatia umeme migodi na viwanda vya Katanga. Na kwa kuwa maji yake ni ya kina kifupi, yenye matope na majani tele, chombo cha mbao chenye mashine ya zamani ya mazutu hupata humo taabu zisizo chache. Kijitabu hiki kimekusudiwa nahodha na fundi wake, wapate kuitafuta ila ya mashine kwa taratibu, kabla ya kushika spana na kufungua visivyo na kosa.

Mashine hii haina plagi ya cheche. Mazutu huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Basi mahitaji yake ni matatu: mafuta safi, hewa ya kutosha, na mshindilio. Aghalabu ila huwa katika hilo la kwanza.

1. Ikikataa kuwaka

Tazama kwanza kama bomba la tanki limefunguliwa na kama wenzo wa kuzimia umerudishwa mahali pake. Kisha toa mazutu kidogo chini ya chujio, uyatie katika chupa nyeupe, uyaache yatulie: yakiwa yamechanganyika na maji, maji yatakaa chini kwa uzito wake, na mpaka baina yake na mazutu utaonekana dhahiri. Mazutu ya kununuliwa kwa bido, na yale yaliyolala katika tanki lisilojaa wakati wa baridi ya Juni na Julai, ndiyo ya kushukiwa zaidi.

Yakiwa safi, toa upepo. Legeza bolti ndogo iliyo juu ya chujio, upige pampu ya mkono. Litatoka povu, kisha mapovu moja moja, kisha mazutu matupu, nawe ukaze bolti ilhali yangali yakitiririka. Fanya vivyo hivyo penye pampu kubwa ya kurushia mazutu.

2. Moshi

Moshi mweusi ni dalili ya hewa haba au mzigo mkubwa: safisha chujio la hewa, utazame kama rafadha haikuzongwa na majani au nyavu. Ijulikane pia kwamba ziwa hili liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi, ambako hewa ni nyepesi. Kwa hiyo anayeongeza mazutu ili apate nguvu huongeza moshi tu. Moshi mweupe usiokoma hata mashine ikiisha kupata joto waonyesha mazutu yasiyoungua, au maji yaliyoingia silinda; na wa samawati, oili inayoungua.

3. Ikipata moto kupita kiasi

Punguza mwendo, utazame kama maji ya kupoza yanatoka kama desturi. Yakikatika, zima mashine, uzibue tundu la kunyonyea maji, kwani matope na majani huanza kuziba hapo.

4. Tahadhari

Usitie kidole mbele ya noseli inayorusha mazutu, kwa kuwa mrusho wake hupenya ngozi, na jeraha hilo, lijapokuwa dogo kwa kulitazama, sharti lipelekwe hospitali mara moja. Usivae nguo inayopepea karibu na gurudumu linalozunguka. Oili chakavu, na maji ya ngama yaliyochanganyika nayo, vitiwe katika bido na kurudishwa pwani. Visimwagwe ziwani, ambamo watu huvua kitoweo chao.

5. Wakati wa kumwita fundi

Ukiisha kuhakikisha mafuta na hewa, na mashine ingali inakataa, ndipo ushuku mshindilio: mashine inayozunguka kwa mkono bila ukinzani imechoka pete au vali, na kazi hiyo ni ya karakana, si ya katikati ya ziwa. Kwa sababu hiyo, asitoke mtu bila kafi mbili, nanga na kamba yake.