Bustani ya Mkongwe Isogezwe Mlangoni

Kaskazi imeanza kulegea, joto la mwezi wa Machi limefika kilele chake, na kila mwenye shamba, tangu huku Unguja hata ng'ambo ya Tanga na Pangani, anayatazama mawingu akiipima siku ya kutia mbegu ardhini. Wakati kama huu hutajwa katika safu hii mpunga, muhogo na mahindi, navyo vina haki ya kutajwa. Lakini safari hii nimeazimia kumwandikia mkulima ambaye aghalabu hasemeshwi na mabwana shamba, naye ni mkongwe aliyekwisha kuipita miaka 80, ambaye konde lake la zamani limekuwa mbali kuliko nguvu za miguu yake, na ambaye wanawe, kwa mapenzi yasiyo na shaka, wamemwondolea jembe wakamkalisha barazani.

Nisemalo ni hili: mkongwe asitengwe na udongo. Konde likiwa kubwa, lipunguzwe. Likiwa mbali, lisogezwe hata lifike ubavuni mwa nyumba. Na mikono yake ikiwa haiwezi tena kulima, basi ilime mikono ya wajukuu, ila amri ya kipi kipandwe, wapi na lini, ibaki kwake yeye. Watoto wengi hudhani kwamba kumpumzisha mzazi ndiyo hishima kubwa kuliko zote, na anapoinuka kwenda uani humzuia kwa upole wakimwambia, "Bibi, wewe tulia tu, umekwisha fanya kazi ya kutosha". Lakini mwili wa mtu wa umri huo, ukikalishwa kitako kutwa, hupoteza nyama za mapaja na uimara wa kusimama upesi kuliko mwili wa kijana, na yule aliyezuiwa kuufuata mchicha kwa kuchelea asianguke, baada ya miezi michache huanguka akienda msalani. Shirika la Afya Duniani linawausia watu wa miaka 65 na kuendelea, kwa kadiri siha zao zinavyowaruhusu, wafanye mazoezi ya kutia nguvu na kuuweka mwili sawa siku 3 au zaidi katika kila wiki. Kwa mzee wa kwetu, kupalilia kidogo, kuchuma, kuketi, kuinuka na kutembea kutoka tuta hadi tuta ni mazoezi ambayo hahitaji kushurutishwa, kwa kuwa mwisho wake huuona chunguni.

Tuanze basi na mahali penyewe. Chagueni upande wa nyumba upatao jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, hatua chache kutoka mlango wa uani, pasipo ngazi wala kizingiti kirefu, na maji yawe karibu. Tuta liinuliwe kwa matofali, kwa mawe ya matumbawe au kwa magogo ya mnazi, hata lifike kimo cha sentimita 60 au 70, ili mtu aliyeketi kitini aufikie udongo bila kuupinda mgongo. Upana wake usizidi sentimita 60 iwapo litafikiwa kwa upande mmoja tu, au sentimita 120 iwapo pana njia pande zote mbili. Njia nayo iachiwe nafasi ya karibu mita moja, apate kupita mwenye mkongojo pamoja na anayemshika mkono, na itandazwe changarawe, kwa kuwa saruji laini ikishaota ukungu wa kijani mwezi wa Aprili huteleza vibaya sana. Waliojenga juu ya uwanda, ambako jiwe limejitokeza na udongo ni wa kuokoteza, watapata faida maradufu, maana tuta hili watalijaza udongo wa kinongo uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Na walio kwenye kinamo watakuwa wameiokoa mizizi na maji yanayotuama. Asiye na fedha ya matofali achukue gunia, alijaze udongo na samadi, na katikati asimamishe nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yateremke kwa usawa, kisha alitoboe ubavuni apandikize miche. Kazi yote hii ifanywe sasa, udongo ukiwa bado mkavu na mwepesi, wala isitaraghaniwe hata mvua ikashuka.

Katika mimea, naitanguliza mbaazi. Hupandwa na mvua za kwanza, nayo huenda juu hata ikapita mabega ya mtu, kisha siku zinapofupika hutoa maua yake ya manjano, na kuanzia Julai hadi Septemba vikoba vyake huning'inia pale pale ambapo mkono wa mzee aliyesimama unafika, huku mkono wa pili ukiwa juu ya mkongojo. Mizizi yake huenda chini sana, kwa hiyo mvua zikishakatika haimlazimishi mtu kubeba maji. Tena ikipikwa kwa tui zito la nazi hulainika hata haidai meno, na humpa mkongwe chakula cha kujenga mwili ambacho aghalabu hukikosa. Kwani wazee wengi hudhoofika si kwa maradhi bali kwa mlo wa uji na chai asubuhi na jioni, jambo ambalo watu wa nyumbani hulichukulia kuwa ni desturi ya uzee wasiliulize.

Baada ya mbaazi, matembele. Marando yakatwe kipande cha sentimita 30 hivi, sehemu iliyo kubwa ifukiwe, na katika muda wa mwezi mmoja na nusu majani yatakuwa yanachumika. Na kwenye tuta lililoinuliwa marando hujimwaga ukingoni, hata mwenye kuketi kitini akayachuma yakiwa usawa wa magoti yake. Mchicha unataka hila kidogo, kwa kuwa mbegu yake ni ndogo mno na macho ya mkongwe mara nyingi yana mtoto wa jicho: kijiko kimoja cha mbegu kichanganywe na kikombe cha mchanga mweupe mkavu, ili mchanga huo ukimwagwa juu ya udongo mweusi uonyeshe ni wapi pamekwisha pandwa na wapi bado. Matone ya masika ni mazito, huzifukua mbegu na kuzitawanya. Kwa hiyo juu ya tuta kiwekwe kichanja kifupi cha makuti, ambacho kitapunguzwa kidogo kidogo miche ikishashika, na katika wiki ya tatu au ya nne mchuzi utakuwa na mboga.

Bamia zingoje hata mvua zianze kupungua mwishoni mwa Mei, mbegu zikilowekwa usiku mmoja kabla ya kupandwa. Nazo pia huchumwa kwa kusimama. Nyanya simshauri mkongwe kuzipanda masika, maana unyevunyevu huleta ugonjwa wa bakajani, na dawa zake si za kushikwa na mikono inayotetemeka; afadhali azisubirishe hadi kipupwe. Mlonge ukatwe kila unapofika kimo cha kifua, usiachwe ukawa mti wa kuangukiwa. Na karibu na kiti, mahali ambapo mkono hufika bila kunyoshwa, pasikose mrehani, mchaichai na asumini: bibi wa kwetu ambaye alikuwa akiwafungia wanawari vikuba vyao, hata asipoweza tena kutoka kwenda harusini, ataagiziwa kikuba, na watu watamwendea nyumbani kukichukua.

Konokono nao watafika pamoja na mvua, tena wale wakubwa wenye kumaliza tuta zima la miche kwa usiku mmoja. Jivu halifai kitu likishalowana. Watoto wapewe taa na ndoo baada ya magharibi wawaokote, na wanawe mikono kwa sabuni wakishamaliza.

Sasa nitataja mambo ya mwili, na hapa nawaomba wasomaji walio vijana wasome kwa makini zaidi kuliko wazee wenyewe. Kuanguka ni katika sababu kubwa za vifo vya ajali ulimwenguni, na wanaokufa zaidi kwa sababu hiyo ni waliopita miaka 60. Kwa hiyo kiti cha bustanini kiwe imara, chenye mikono ya kushikilia, kimo chake karibu sentimita 45, wala si kigoda cha chini ambacho mtu hukiketia kwa urahisi akashindwa kuinuka. Aliyekuwa ameinama au ameketi kwa muda asisimame ghafla, kwa sababu shinikizo la damu la mtu mkongwe hushuka anapoinuka, na hasa akiwa anatumia dawa za kulishusha. Ashike ukingo wa tuta, ahesabu pumzi chache, ndipo apige hatua. Kazi iwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ama baada ya alasiri. Kiu hupungua uzeeni ilhali haja ya maji iko pale pale, kwa hiyo asingojewe aombe, bali apelekewe kikombe. Na mwenye maradhi ya figo asifululize kunywa madafu pasipo kumuuliza daktari wake, kwa kuwa yana madini ya potasiamu kwa wingi. Miguu ivishwe viatu vilivyofunika vidole, zaidi kwa mwenye kisukari, ambaye huchomwa na mwiba asiusikie hata jeraha likaoza. Na kila jeraha lililoingia udongo au samadi lioshwe kwa maji na sabuni, kisha aliyelipata apelekwe kituo cha afya atazamiwe chanjo ya pepopunda. Mwenye kunywa dawa za kuzuia damu isigande naye amwambie daktari kabla ya kuzidisha sana mboga za majani, maana ziko dawa katika hizo ambazo nguvu yake hubadilika kwa wingi wa majani.

Ndoo ya lita 10 ina uzito wa kilo 10 kabla hujauhesabu uzito wa ndoo yenyewe, nao si mzigo wa mkongwe. Pipa liwekwe kando ya tuta, wajukuu walijaze, na yeye ateke kwa kata ya kifuu, kidogo kidogo. Mpini wa kijembe uzungushiwe ukanda wa mpira wa baiskeli hata unenepe, kwani vidole vyenye baridi yabisi hushindwa kukunjika juu ya mti mwembamba, na ufungwe kitambaa chekundu ili usipotee majanini. Lililo kubwa kupita yote haya ni sumu ya wadudu: isiwekwe katu ndani ya chupa ya soda au ya maji. Nyumba yenye mtu ambaye macho yake au kumbukumbu yake imepungua haipaswi kuwa na sumu hiyo kabisa, na kama ipo ifungiwe kwa kufuli.

Nimesema amri ibaki kwa mkongwe, na hili ndilo gumu kuliko kuinua tuta. Kijana mwenye nguvu huona wepesi kupanda apendavyo akamwonyesha bibi kazi iliyokwisha. Lakini hapo atakuwa amemjengea bustani ya kutazama tu. Na aulize: "Bibi, hapa au pale? Leo au tungoje?" Akiambiwa tungoje, angoje, hata kama yeye asingengoja. Yako maradhi ya usahaulifu ambayo humfanya mtu asikumbuke alichokula asubuhi, ilhali mikono yake bado inajua namna ya kufukia rando na kufunga kitita cha mchicha. Mtu huyo asisahihishwe kila dakika, apewe tuta lake, na mlango wa ua ufungwe asije akapotea. Zanzibar tangu 2016 kila aliyefika miaka 70 hupewa pensheni jamii na serikali, nayo ni neema. Mboga ikitoka uani, fedha hiyo itabaki kwa samaki na kwa nauli ya kwenda hospitali, na mkongwe atakayempelekea jirani kitita cha matembele atakuwa ametoa kilicho chake.

Mwezi wa Juni, mvua zitakapokatika, miche mitatu au minne ya mchicha iliyo mizuri isichumwe, iachwe itoe mbegu, na mkongwe ndiye achague ni ipi. Mashuke yakikauka yapukutwe juu ya mkeka, mbegu zipepetwe, zianikwe kivulini siku chache, kisha zitiwe ndani ya chupa kavu pamoja na jivu la kuni, na mjukuu ajuaye kuandika abandike karatasi yenye herufi kubwa, akiandika jina la mbegu kama bibi au babu anavyolitamka, na mahali zilikotoka iwapo anapakumbuka. Mbaazi za mbegu zingojewe hadi Septemba, vikoba vikishakauka vyenyewe mtini, na zitazamwe moja moja kabla ya kuwekwa, kwa sababu iliyotobolewa na fukusi ikiingia chupani itaziharibu zote.