Taarifa za Mwanafunzi Toka Shule Hadi Kazini: Haki Zako Katika Sheria ya Kenya

Mzazi anayempeleka mtoto wake shule ya msingi nchini Kenya, akiwa amechukua cheti cha kuzaliwa na picha ndogo za pasipoti, aghalabu hudhani kwamba anamwandikisha katika shule ile moja tu, na kwamba yaliyoandikwa na karani siku ile hayatatoka nje ya kabati la mwalimu mkuu. Mambo hayako hivyo tena. Tangu ulipowekwa mfumo wa taifa wa taarifa za elimu uitwao NEMIS, jina la mtoto, nambari ya cheti chake cha kuzaliwa na habari za wazazi wake huingizwa katika hazina moja ya serikali, naye hupewa nambari yake ya pekee, ile UPI, ambayo hufuatana naye darasa kwa darasa na shule kwa shule. Na mfumo mpya wa KEMIS, uliobuniwa kushika mahali pa NEMIS, umekusudiwa kumfuata tangu chekechea hadi vyuoni. Mbele ya hapo wapo KNEC wenye matokeo ya mitihani, KUCCPS wagawao nafasi za vyuo, HELB wakopeshao wanafunzi, KNQA waliokabidhiwa na sheria ya 2014 kazi ya kutunza kumbukumbu za sifa za masomo za nchi nzima, na mwisho wa yote mwajiri atakaye ithibati ya vyeti.

Sisemi kwamba kuziunganisha taarifa hizi ni shari. Tume ya Utumishi wa Umma ilipotangaza mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya 2,000 wa serikali na mashirika yake walikuwa wameajiriwa kwa vyeti vya kughushi, ilidhihirika wazi kwamba kijana aliyesoma kwa jasho la wazazi wake hudhulumiwa mahali pake na mwongo, na kwamba daftari moja lililo sahihi lingemhifadhi. Lakini daftari lenye nguvu ya kumtetea mtu lina nguvu ile ile ya kumwangusha, na kwa hiyo raia hana budi kujua haki alizo nazo juu yake.

Tutie mfano. Binti wa Kwale ameandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa Mwanahamisi Athumani Bakari, na karani wa shule, kwa haraka ya siku za kuandikisha, akaandika Mwanamisi Athman Bakari. Darasa la tatu hakuna anayetazama. Ukifika wakati wa kusajili watahiniwa, jina lililomo katika mfumo ndilo liendalo KNEC, na cheti cha mtihani hutoka na jina hilo. Akitimiza miaka kumi na minane, kitambulisho chake cha taifa hufuata cheti cha kuzaliwa. Akiomba mkopo wa chuo, majina mawili hayaafikiani, na maombi yakasimama. Na hata akimaliza chuo, mwajiri anayelinganisha hati moja na nyingine humtilia shaka ya udanganyifu mtu ambaye hajadanganya kitu. Herufi chache zilizokosewa na mtu mwingine, wakati yeye hajui hata kusoma vizuri, zimemzuilia mlango miaka kumi na mitano baadaye.

Sheria haikumwacha binti huyu bila ya kinga. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inamhifadhi kila mtu dhidi ya kutakiwa au kufichuliwa isivyo lazima habari za jamaa zake na mambo yake ya faragha, na Kifungu cha 35 kinampa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo kweli au ipotoshayo, ikiwa inamdhuru. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo katika Kifungu cha 26 inampa mtu haki ya kujulishwa taarifa zake zitatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, haki ya kupinga zisitumiwe, na haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe zikiwa na uongo. Na kwa mtoto, Kifungu cha 27 kinaziweka haki hizi mikononi mwa mzazi au mlezi wake.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami naliona kuwa ndilo kiini cha kadhia hii yote. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo hakiishii kumwamuru mwenye daftari asahihishe daftari lake. Kinamtaka pia, ikiwa amekwisha kuzipeleka taarifa zile kwa wengine, achukue kila hatua ipasayo kuwajulisha wale wengine kwamba mwenyewe ameomba zisahihishwe. Maana yake ni kwamba mzigo wa kulifukuzia kosa kutoka ofisi hadi ofisi haukuwekwa juu ya mabega ya mzazi peke yake, ingawa desturi ya ofisi zetu imekuwa kumwambia, "Nenda huko, anza na wao." Pindi ukiambiwa hivyo, kitaje kifungu hicho, tena kwa maandishi.

Kwa hiyo usiende kulalamika mdomo mtupu. Andika barua kwa mwalimu mkuu, au kwa taasisi ambayo kosa lilianzia kwake, utaje UPI ya mtoto, uoneshe neno lilivyoandikwa na lilivyopasa kuandikwa, uambatishe nakala ya cheti cha kuzaliwa, na uulize waziwazi taarifa hiyo imekwisha kupelekwa kwa nani. Kanuni za 2021 zilizotolewa chini ya sheria hii zinataka ombi la kuziona taarifa lijibiwe katika siku 7, na ombi la kusahihisha katika siku 14. Nakala yako na igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwani siku hizo huhesabiwa tangu ombi lilipofika, na bila ya tarehe kila mtu atahesabu apendavyo.

Yafaa pia kusema kweli kuhusu ridhaa. Wako wanaodhani kwamba mzazi akikataa kutia sahihi, mtoto hataingizwa katika mfumo wowote. Sivyo. Kifungu cha 30 kinaruhusu taarifa kutumiwa bila ya ridhaa pale ambapo sheria imelazimisha, au pale ambapo kazi ni ya maslahi ya umma. Vivyo hivyo, Sheria ya HELB ya 1995 humlazimu mwajiri kumkata mshahara aliyekopa na kuzipeleka fedha hizo, naye mwenye deni haombwi idhini. Walakini kuruhusiwa kuchukua si kuruhusiwa kuchukua kila kitu. Kila taarifa lazima iwe na madhumuni yaliyotajwa, isizidi kiasi cha madhumuni hayo, na isigeuzwe kwa kazi nyingine isiyohusiana nayo. Habari za afya ya mtoto, imani yake, alama za vidole vyake, na hata majina ya wazazi wake, zimo katika fungu la taarifa nyeti. Basi fomu ikikuuliza ugonjwa wa mtoto au dini yake, una haki ya kuuliza ni ya nini na nani ataisoma. Na shule ya upili ambayo mwajiri anaipigia simu kuulizia adhabu alizopata kijana akiwa kidato cha pili haina ruhusa ya kumjibu kwa sababu tu ameuliza.

Serikali nayo haikuachiliwa huru. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa kutoa kadi za utambulisho za Huduma Namba, kwa hoja kwamba serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, kama Kifungu cha 31 cha Sheria ya 2019 kinavyoagiza. Hujja hiyo inafaa sana leo, wakati nambari ya utambulisho iitwayo Maisha Namba inapotolewa tangu mtoto anapoandikishwa kuzaliwa, na wakati madaftari ya shule, vyuo na kazi yanapotafutiwa njia ya kusomana. Mzazi, au chama cha wazazi, anaweza kuuliza kwa heshima iko wapi tathmini hiyo.

Fauka ya hayo, ikiwa uamuzi mzito umetolewa na mashine peke yake, Kifungu cha 35 cha Sheria ya 2019 kinakupa haki ya kutaka uangaliwe upya. Mpango wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023, uliowapanga wanafunzi kwa kupima uwezo wa jamaa zao kutokana na taarifa walizojaza, uliwaonesha wengi namna mtoto wa mchuuzi anavyoweza kuwekwa fungu moja na mtoto wa mwenye hali. Na lijulikane pia jambo linalowatesa wazazi wengi: Sheria ya KNEC ya 2012 haimruhusu mwalimu mkuu kuzuia cheti cha mtahiniwa kwa sababu ya deni la karo.

Ukinyimwa haki hizi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, Nairobi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakuruhusu kutoa malalamiko kwa kuandika au kwa kusema tu, nao wakayaandika, na kinataka yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Si ofisi ya mapambo: mnamo Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Aliyepata hasara anaweza kudai fidia chini ya Kifungu cha 65, na asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna anaweza kukata rufani Mahakama Kuu.

Mzazi aangalie jambo moja la wakati. Siku mtoto atimizapo miaka kumi na minane, haki hizi huhamia kwake yeye mwenyewe, na barua yenye sahihi ya baba au mama yaweza kurudishwa kwa hoja hiyo tu. Kwa hiyo iombe nakala ya taarifa zake zilizomo katika mfumo kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, uilinganishe herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa, na ukiona kosa, andika barua ya kulisahihisha wakati sahihi yako ingali inatosha.